Gololi Kwenye Paipu ya Breki

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nikianza bila salamu naona kama utanirudisha mlangoni niingie upya.

Mama hajambo, anakula. Njegere zimekubali mwaka huu. Landrova yako inatembea, na hilo ndilo linalonitetemesha. Tangu tukuzike, miezi mitatu sasa, nimekuwa nikiishusha mlimani hadi Mombo kila siku ya soko, kabichi nyuma, Mama kando yangu. Nikikanyaga breki kwenye kona, gari linavuta kulia. Nikajiambia ni uzee tu. Gari lenyewe limenizidi umri.

Jumanne nililiinua kwa jeki nikafungua gurudumu la nyuma kushoto. Ndani hamkuwa hata na unyevu wa mafuta ya breki. Nikaifuata paipu kwa vidole mpaka kwenye kiungo, nikakifungua. Ikadondoka gololi. Uliziba njia ya mafuta, Baba. Gurudumu hilo halikuwa na breki kabisa. Nilikaa pale pale kwenye matope.

Ndipo nikakumbuka. Ulinipigia simu nikiwa Tanga: "Ukipita Korogwe nichukulie silinda ya breki, ile ndogo ya gurudumu la nyuma. Hii inavuja." Nikasahau. Nilifika mikono mitupu, ukacheka: "Si kitu. Nitafanya maarifa." Kumbe maarifa yenyewe ndiyo haya. Wewe ulijua, ukawa unashuka kwa gia nzito, polepole, wenye haraka wakikupigia honi. Mimi sikujua. Kisha kifua kikakubana, wiki moja tu, ukaondoka na siri yako. Mbona hukuniambia? Nakasirika, halafu naona aibu, maana aliyesahau ni mimi.

Korogwe, kwenye duka la vipuri, waliigeuzageuza ile silinda mbovu niliyopeleka kama sampuli, wakasema hizo hawaleti tena. Nikaelekezwa Magoma kwa mzee mmoja mwenye gari kama letu, lilishakufa, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kuing'oa silinda yake kulituchukua nusu siku, mafuta ya taa na nyundo. Nyumbani nikaisugua, nikabadilisha mipira yake, nikaifunga. Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki kunataka watu wawili. Zamani mimi nilikaa kwenye usukani, wewe uko chini: "Kanyaga. Shikilia. Shikilia hapo hapo, mwanangu!" Safari hii aliyekanyaga ni Mama, na viatu vyake vya kanisani, nami chini nikiyasema maneno yako.

Breki zimeshika. Hapa uani zimeshika. Kwenye mteremko je? Naogopa kila nati uliyoigusa. Nikisikia mlio wowote nawaza, na hapa napo alifanya maarifa? Na keshokutwa kinamama kumi na wawili wa kwaya wanataka niwashushe Magoma kwenye harusi. Mama alishawakubalia.

Jana nilimweleza Mama yote, pamoja na silinda niliyoisahau. Akasema, "Kumbe nilikuwa nasinzia humo."

Kesho asubuhi, ukungu ukishainuka, nashuka Mombo peke yangu, gari tupu. Nimeshachagua mahali pa kuliegemeza kwenye ukuta wa mlima breki zikikataa, nisiende bondeni. Mama nimemkataza kupanda. Amekubali upesi mno, kwa hiyo ufunguo ninao mwilini, asije akauficha nisiende. Nikirudi salama, kwaya itapanda. Nisiporudi, angalau hawakuwemo.

Nakuahidi jambo moja. Kitu chochote nitakachokiziba kwenye gari hili, nitakisema siku hiyo hiyo kwa kila atakayelipanda, hata wakinicheka, hata wakiamua kutembea kwa miguu.

Pumzika, Baba. Nisamehe. Ulinituma kitu kimoja tu.

Binti yako