Mlio wa Gari la Akina Mama

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Kikao cha gari la akina mama, lile la kijiji linalowapeleka wajawazito hospitali. Nilifungua kama kawaida: Mheshimiwa Diwani, Mchungaji, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wangu, akina mama, vijana. Kabla sijaendelea, Mzee Malogo akasimama. "Mwalimu, gari linasaga meno. Tuliuze kabla halijatuuma." Kicheko. Mimi sikucheka. Fundi wa Dodoma mjini amesema giaboksi imekwisha, naye hata jeki hakuipiga. Nimeomba muda hadi Jumapili. Wamekubali shingo upande.

Likiuzwa, Tabitha, mkwe wa jirani yangu, atakwenda kujifungua kwa mkokoteni wa ng'ombe. Uzazi wa kwanza alipasuliwa. Hilo sitalikubali.

Jumanne, 9 Agosti
Nimeazima kitabu cha ufundi kwa mwalimu wa karakana. Nimesoma alasiri nzima.

Dereva wetu, Ndahani, alizoea malori. Leo alilala chini ya gari akitafuta shafti ndefu ya katikati. Haipo. Gari hili, kama mitumba mingi inayoingia tangu biashara ya nje ifunguliwe, huvutwa na magurudumu ya mbele. Ekseli mbili fupi zinatoka kwenye giaboksi. Kila ekseli ina jointi ya ndani na jointi ya nje, karibu na gurudumu. Huko ndiko nitakakotafuta.

Jumatano, 10 Agosti
Uwanja wa mpira wa shule. Upepo, vumbi jekundu. Ndahani aliendesha polepole, nami nikatembea kando nimeinama, sikio karibu na gurudumu. Wapita njia walidhani nimedondosha kitu.

Moja kwa moja: kimya. Hakuna mvumo, basi si beringi za magurudumu. Mbele, nyuma, mbele: hakuna kishindo, jointi za ndani ni nzima. Kona ya kushoto: kimya. Kona ya kulia, usukani umekatwa wote na mafuta yamekanyagwa: ka-ka-ka-ka. Mlio unatoka gurudumu la kushoto, lile linalobeba mzigo gari likipinda kulia.

Giaboksi haina kosa. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 11 Agosti
Tumepiga jeki. Mpira unaofunika jointi ya nje, kushoto, umechanika. Grisi imetapakaa ndani ya rimu. Mchanga umeingia. Nimeishika ekseli kwa mkono: inacheza. Ya kulia imekaza.

Kwa nini upande mmoja tu?

Ijumaa, 12 Agosti
Nimemuuliza Ndahani. Akacheka. "Mwalimu nawe! Tukimrudisha mzazi na kichanga, si tunazunguka nyumba?"

Kweli. Kila mtoto huzungushwa. Usukani umekatwa wote kulia ili nyumba ibaki upande wa dereva, mchanga mzito, honi, vigelegele. Bibi wa mtoto hushikilia mlango: "Zunguka tena, Ndahani! Au huyu si mtu?" Naye huzunguka. Furaha yetu ndiyo inayoila jointi.

Mzunguko mrefu kuliko yote ulifanyika kwa Mzee Malogo.

Jumamosi, 13 Agosti
Nina hofu. Kumwambia fundi kwamba amekosea ni rahisi. Kuwanyima akina bibi mzunguko wao, siyo. Lakini nitasema. Jointi mpya bila katazo itakufa kama hii.

Jumapili, 14 Agosti
Baada ya ibada. Nilisema taratibu, tangu mlio hadi mzunguko. Mzee Malogo akasimama tena, akasema, "Basi lisiuzwe." Bibi mmoja aliuliza kama honi nayo imekatazwa. Nikamjibu: honi ipigwe.

Nikatangaza, nao wakanyoosha mikono: Gari halitauzwa. Kesho Ndahani apande basi kwenda mjini kuleta jointi ya nje ya kushoto, mpira wake na grisi yake. Ikishafungwa, Tabitha apelekwe hospitali akasubiri huko siku zake. Na kuanzia sasa gari litasimama barabarani. Mama na mtoto tutawasindikiza kwa miguu hadi mlangoni.