Utepe wa Bluu Nyuma ya Kitanda

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama amepona kikohozi. Nakuandikia kwa sababu simu zetu hupokei.

Kaka, nimekukasirikia. Ile boti kuukuu uliyoifunga inveta ya kugeuza umeme wa betri kabla hujasafiri ilikuwa inazimika umeme kila jokofu likiwaka. Baba aliitwa kuitengeneza, akabadilisha betri, akabadilisha fyuzi, wapi! Mwenye boti akamcheka: "Mzee, macho yako yamechoka kuliko boti yangu."

Jumamosi nilimshikia baba tochi. Kipimo kilionyesha umeme umejaa kwenye betri lakini unapungua ukifika kwenye inveta. Tukaufuata waya hadi nyuma ya mbao za kitanda cha mle botini. Hapo tukakuta umeunga waya mnene na mwembamba, kiungo kimeungua, nawe umekizungushia utepe wa bluu. Unajua vizuri kwamba pale gatini kila fundi ana rangi yake ya utepe. Wako ni mwekundu. Wa bluu ni wa baba!

Nikamnong'oneza, "Baba, sema ni kaka."

"Nyamaza, mwanangu. Yeye ndiyo kwanza anaanza kazi huko."

Akamwambia mwenye boti, "Ni mkono wangu." Akafukuzwa palepale, mbele ya mafundi wenzake. Tangu siku hiyo hatoki nje.

Namba ya mwenye boti iko nyuma ya barua hii. Nilimfuata peke yangu, nikamwomba asiajiri fundi mwingine hadi utakapompigia umweleze ukweli mwenyewe. Amekubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Sikumwambia kwamba huenda usipige.

Mdogo wako, ambaye bado anakuheshimu.