Ujumbe Niliomtumia Marehemu

Jumamosi, Julai. Baridi ya kukunja vidole. Mlima haujaonekana tangu Jumatano, na leo hata sijautafuta.

Nimewahi kuandika hapa kuhusu chumba chetu cha kusomea, huku Mwika. Kwa ambaye hakusoma: ni stoo ya zamani ya kahawa kando ya barabara, ina rafu tatu, meza mbili na taa moja nzuri. Nyumbani kwetu tuko tisa na redio haizimwi. Karibu kila nilichokielewa tangu niingie kidato cha tatu nimekielewa nikiwa mle ndani.

Leo jioni tumekihama.

Na chanzo ni mimi. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Mwezi uliopita Mzee Felisi, mwenyekiti wa kikundi kinachoendesha chumba, aliniomba niingize majina ya wachangiaji kwenye kompyuta kutoka kwenye daftari, kisha niandike ujumbe wa kuwakumbusha walioacha kutoa. Alinichagua kwa sababu napenda kusoma na sina maneno mengi. Nilifurahi mno. Ujumbe niliuandika na kuufuta mara sita. Ukaishia hivi: "Ndugu yetu, umekuwa kimya siku nyingi. Watoto wanakusubiri." Niliona ni sentensi nzuri, nikajisifu kimoyomoyo. Nikabonyeza, ukaenda kwa wote kwa mkupuo.

Mmoja wa hao wote ni Mzee Aloisi. Tulimzika Februari.

Nilikuwepo. Nilibeba sahani za machalari, ndizi zetu za kupika na nyama, pale msibani, nikaosha masufuria mpaka mikono ikachubuka. Mzee Felisi ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Kikundi kizima kilijua, na ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuandika daftarini. Huku kwetu mtu akifa, nani anahitaji kukumbushwa? Na mimi niliyekuwepo, nilipofika kwenye jina lake, nililinakili tu kama ninavyonakili ubaoni.

Jumatano mjane wake, Mama Eliza, aliingia chumbani ameshika simu ya marehemu. Bado anaichaji, kwa sababu wapo watu wa mbali wanaopiga wakiwa hawajasikia habari. Nikamwamkia. Akaitikia, akaketi.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa. Miwani nimeiacha."

Nikasoma. Maneno yangu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe.

"Umekuwa kimya siku nyingi," akarudia polepole. "Hapo hamkukosea."

Akachukua simu, akaondoka. Sikumwambia ni nani aliyeandika.

Jana kikundi kilikaa kikao. Mzee mmoja akatania, "Siku hizi hata kaburini unafuatwa. Mimi nikifa mnizike na laini yangu." Wakacheka. Mzee Felisi hakucheka sana.

"Tutasema ni kompyuta," alisema. "Kompyuta haina aibu. Na wewe binti, tulia, tunakukinga."

Nikatulia. Hilo naliweza.

Leo asubuhi tukapanda kwa Mama Eliza. Mzee Felisi alitangulia na jani la isale. Kwa wasomaji wa mbali: kwetu, ukimwendea uliyemkosea ukiwa na isale mkononi, hapaswi kukunyima msamaha, hata kosa liwe kubwa namna gani. Mzee akaeleza habari za kompyuta. Mama Eliza akalitazama lile jani, kisha akalipokea kwa mikono miwili. Angefanya nini kingine?

Tulimziba mdomo kwa jani. Na tuliyomwambia hayakuwa kweli.

Lakini mwanawe, Kaka Prosper, alikuwa amekuja kutoka Moshi mjini. Alimwacha mwenyekiti amalize.

"Naomba nione baba alitoa nini," akasema.

Mzee Felisi akafungua daftari. Jina la Mzee Aloisi lina mchango mmoja, wa mwaka wa kwanza. Baada ya hapo ni nafasi tupu, ndiyo maana mimi nilimweka kwenye kundi la walioacha kutoa.

"Na chumba?"

Mzee Felisi akafunua kurasa mbele na nyuma. Stoo ile ni ya Mzee Aloisi. Alitupatia bure tangu siku ya kwanza, na mabati yalipoliwa na kutu alinunua mapya yeye mwenyewe. Daftari letu lina safu ya fedha tu.

"Jani mama amepokea," Kaka Prosper akasema, bila kupandisha sauti. "Ufunguo nipeni mimi. Chumba hakimo kwenye kitabu chenu, kwa hiyo hamtapungukiwa kitu."

"Prosper, mwanangu, hebu kaa kwanza..."

"Shikamoo, mzee," akamkatiza, huku amenyoosha mkono.

Vitabu tumevifunga kwenye viroba, viko kwa Mzee Felisi, karibu na pumba za ng'ombe. Tulipokuwa tunavipanga aliniambia nirekebishe ile orodha, nimfute marehemu. Basi. Baada ya yote hayo, hilo ndilo alilojifunza.

Nimeifungua orodha. Sijamfuta. Mbele ya jina lake nimeandika: amefariki, alitoa chumba. Kisha nikashuka jina kwa jina, safari hii nikiwafikiria watu wenyewe. Fundi aliyetutengenezea rafu. Mama anayewapikia watoto uji wakati wa likizo. Wote niliwaita walioacha kutoa. Wote niliwatumia ile sentensi yangu nzuri.

Kesho baada ya misa nitapanda kwa Mama Eliza peke yangu, nimwambie ni nani aliyeandika na kwamba kompyuta haikukosea chochote. Najua ufunguo hautarudi kwa hilo.

Isale sitabeba. Nataka akitaka kunikatalia, aweze.