Kivuli Kimetangulia Nyumbani

Jumamosi, 19 Agosti 1995
Banda la video lilijaa leo. Sadallah, mwenye banda, kaleta mkanda kutoka Kariakoo, katuni ya Kijapani. Ubaoni kaandika: MTAFSIRI ZAIDI ANAJUA KIJAPANI. Zaidi ndiye mimi, nafasiri picha kwa kipaza sauti. Eti najua! Miezi mitatu niliwaoshea vyombo wapima barabara wa Kijapani hapa Kibiti. Niliambulia salamu, asante na "chai". Mengine nabuni.

Picha yenyewe ya ajabu. Binti anamfuata kaka yake kwenye mji ambao nyumba zina miguu na samaki wanapita angani. Kila kituo anamwekea kaka sahani ya wali. Kaka hali. Tena hana kivuli. Mwisho binti anaweka sahani chini, anarudi peke yake.

Watu wakaguna, mbona hana kivuli? Mbele nilimwona mama mmoja kaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Nikaropoka kwenye kipaza sauti: "Kivuli kimetangulia nyumbani. Mwenyewe yuko njiani!"

Makofi banda zima. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba.

Jumapili, 20 Agosti
Nimemuulizia yule mama. Ni Bi Mwamini wa Maparoni, kule deltani. Mwanawe Kibwana alikwenda kukata boriti mikokoni kabla ya Ramadhani. Mtumbwi ulipatikana, yeye hapana. Mama kaja kwa kaka yake, mzee Mtoro, wamsomee hitima Ijumaa.

Sikujua. Wallahi sikujua.

Alhamisi, 24 Agosti
Mzee Mtoro kanifuata bandani. Hakufoka — afadhali angefoka. Bi Mwamini kakataza hitima. Mchele umeshapepetwa, mbuzi yuko kambani, walimu wamealikwa. Mama anasema mtu aliye njiani hasomewi. Kila jioni anaweka sahani ya wali kizingitini, anangoja kivuli kiingie. Jana kakiona, akapiga vigelegele. Kumbe cha mpapai.

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, maneno yale uliyasikia kweli kwenye picha?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata haya.

Ijumaa, 25 Agosti
Asubuhi nimeitazama picha peke yangu, sauti nimefunga. Kijapani hakikuhitajika. Kaka hali, hana kivuli, mchangani haachi nyayo. Binti hakwenda kumrudisha, alikwenda kumsindikiza. Wajapani huko kwao wamechora jambo tunalolifanya sisi kila msiba: unamfikisha mwenzio, kisha unageuka, unarudi. Sahani ile ni mkono wa buriani. Na zile nyumba zenye miguu, nadhani, ni dunia inayoendelea na safari zake bila kumngoja mtu.

Basi niandike na hili. Kwamba yule kaka wa kwenye picha amekwisha kufa, nilijua tangu Jumamosi. Niliona watu wananung'unika nikataka makofi. Nikisema nilimhurumia mama, najipamba tu.

Msikitini nimekaa safu ya nyuma kabisa. Baada ya swala watu walitawanyika. Hitima haikusomwa. Naona aibu hata kumpa mtu salamu.

Jumamosi, 26 Agosti
Saa nne asubuhi. Nilikuwa nafunga viatu niende nikamwambie mama ukweli. Katumwa mtu kuniita bandani — Bi Mwamini yuko pale na sahani iliyofunikwa kawa. Mzee Mtoro kasimama mlangoni, haingii, hatoki. Mama anataka kipande cha mwisho tu, pale binti anapoweka sahani. Sadallah kawasha jenereta, anarudisha mkanda nyuma. Ndipo naandika haya, nimeegemea spika.

Nimemwambia, "Mama, nina neno, tutoke nje kidogo."

Kasema nilisemee humo humo, picha ikiwa inakwenda, kama siku ile. Kafunua kawa. Wali wa nazi na kamba wa kukaanga, bado unafuka moshi. Kaupika asubuhi hii hii, huyu. Katandika mkeka mbele ya televisheni, kaweka sahani juu yake, kaisogeza karibu na kioo. Kisha kanigeukia, sauti ya chini:

"Mwanangu, leo atakula?"

Mkanda umefika pale pa sahani. Sadallah ananinyooshea kipaza sauti, naweka kalamu.