Kila Nikikanyaga Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Gari limeanza vituko. Tena leo, siku ya kumpeleka mama kwenye mazoezi ya goti! Likisimama, kimya. Likishuka mlima, kimya. Nikikanyaga mafuta tu — linanguruma kama trekta. Watu wa kituoni wakageuka wote kunitazama. Aibu niliyoiona! Nikashusha kioo changu, nikatoa kichwa nje nisikilize kelele zinatokea wapi. Mbele? Chini? Sikuambulia kitu. Mama huko nyuma kanyoosha mguu juu ya kiti, kajifunika shuka, kalala fofofo. Kelele zote zile! Nilimwonea wivu.

Kufika nyumbani akatapika getini. Labda yale maziwa ya asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kalizungusha gari peke yake, vioo vyote chini, karudi anatabasamu. Beringi ya gurudumu, anasema. Nikamuuliza, kama ni beringi mbona likishuka linanyamaza? Akaniambia dada, mimi huwa nakufundisha mapazia? (Nauza mapazia. Buti la gari limejaa fito za chuma, halifungiki, nalifunga kwa kamba.) Kabadilisha beringi.

Mchana nikampeleka mama mazoezini. Tulipofika mlimani — yale yale! Beringi, beringi gani! Kichwa kinanigonga hadi sasa kwa kelele zile. Mama kashuka anayumba, akaniita jina la shangazi, marehemu wa siku nyingi. Akauliza hapa ni kwa nani. Kwetu, mama. Nilicheka ili nisilie.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka na wifi walitukuta ndiyo kwanza tunarudi kutoka mazoezini. Mama akamtazama wifi, akamuuliza kama yeye ndiye nesi mpya. Wifi kakosa pa kuweka uso.

Kaka akanivuta jikoni. Mama akili zinamtoka, anasema, na wewe acha kujifanya huoni. Jumanne daktari wa wazee atampima. Akishindwa maswali anahamia kwa kaka na wifi, wana mtu wa kumwangalia mchana kutwa. Mimi nashinda dukani, nani atamwangalia hapa? Kaka si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama akiondoka, nitarudi jioni kuzungumza na nani? Naogopa. Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Naogopa.

Na gari nalo, bado.

Jumapili, 9 Machi

Hatujatoka tangu juzi. Mama leo yuko kamili! Kanifunga karata asubuhi nzima, na kuniibia kaniibia, huku ananikodolea macho. Kalichukua pazia nililoshona, kaligeuza, kasema pindo limekwenda upogo, nani atalinunua labda kipofu. Anakumbuka majirani wote wa nyumba ya zamani, na nani alimkopa sufuria hakurudisha.

Halafu akasema, hilo gari lako ndilo linaloniumiza kichwa. Nikamwambia tuko wawili.

Nikampigia wifi kumsimulia. Akasema kwa upole kwamba ugonjwa huo ndivyo ulivyo, huja na kwenda, nisijipe moyo sana. Kwa nini kila mtu ananisemesha kwa upole siku hizi?

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi. Mvua. Kaka kaja kwa teksi, gari lake analo wifi, kachukua langu. Nilitaka niende nao, lakini mteja wa hoteli, mapazia ya vyumba vyote, anakuja leo leo. Mama kavaa gauni la bluu. Kabla sijamuuliza chochote akanitajia siku, tarehe na mwezi, kama mwanafunzi. Anajua wanachotaka kumuuliza! Kakaa nyuma kwa ajili ya goti. Wakaondoka, gari linanguruma mtaa mzima.

Mchana. Mungu wangu.

Nilipita gereji kumgombeza fundi. Safari hii alinisikiliza. Akauliza, na kelele zote hizo, abiria wako wanasemaje? Nikasema abiria ni mama, na yeye hulala tu. Akiamka? Anatapika, nikasema. Anayumba. Hajui yuko wapi. Fundi akauliza kama buti bado nalifunga kwa kamba. Kwa kamba, ndiyo.

Akaweka spana chini. Dada, bomba la moshi litakuwa limepasuka. Ndiyo kelele yako hiyo, ukikanyaga mafuta. Na moshi unaingia kwenye buti, unamfikia wa nyuma kwanza. Wewe kichwa chako kiko dirishani. Ule moshi ni sumu, unamlaza mtu hivi hivi. Kama yuko garini sasa, mtafute.

Nimekimbia hadi nyumbani. Kaka hapokei simu, akiendesha hapokei kamwe. Nikapiga ya mama — ikalia chumbani kwake, chini ya mto.

Nikapiga hospitali: wameshaondoka. Nesi akaniambia, kwa upole, kwamba mama hakuweza kutaja hata mwezi. Asubuhi aliutaja! Kwangu aliutaja!

Nimemtumia kaka ujumbe: simama, fungua milango, mtoe mama nje. Umefika. Haujasomwa.

Mvua haikatiki. Vioo vyote watakuwa wamepandisha, hata cha kaka. Nimekaa kibarazani na daftari magotini, naandika huku nimetega sikio barabarani.

Ndilo! Kule chini, mwanzo wa mlima. Gari langu, silikosei. Wiki nzima nimezilaani kelele hizi, leo nazisikia nataka kucheka. Njoo. Nguruma, nguruma. Linapanda. Bado kidogo tu

Limenyamaza. Katikati ya mlima, pale pale pa kukanyaga mafuta. Kausoma ujumbe? Kasimama amfungulie? Au

Sisikii kitu ila mvua. Natoka, nawafuata kwa miguu