Ati Ningekataa Kemo

Zule, uko? Bado nina hasira bana.

Natoka hapo Bungoma kwa daktari. Chembe za damu yangu zimeshuka tena. Akaniambia wazi, ile kemo, dawa kali niliyodungwa ya saratani ya matiti, mara chache sana, inaweza kuleta saratani ya damu miaka baadaye. MARA CHACHE. Hajasema niko nayo. Amesema tupime.

Nikafika duka letu la vitambaa Kitale, nikamweleza shemeji Keval polepole pale nyuma. Unajua alifanya nini? Akapaza sauti mbele ya wateja: "Si nilikuambia hizo dawa ni sumu? Ungekataa kemo, Neelam!"

Ningekataa kemo! Mbele ya watu! Mama mmoja wa Saboti akaachilia kitambaa, akaniangalia kama maiti.

Nikaweka mkoba chini. Halafu nikamwambia, "Keval, ningekataa kemo, leo ningekuwa picha ya marehemu hapo ukutani, wewe ukinivisha maua kila asubuhi. Hiyo dawa imenipa miaka sita. Nimeona binti yangu akiolewa. Nikiambiwa nichague tena, nachagua kemo."

Akaanza kukunja vitambaa, Zule. Keval! Yule mama akasema, "Nikatie mita tatu, dada." Nikamkatia mwenyewe.

Jumatatu wananidunga sindano kwa mfupa wa kiuno, watoe uboho wapime. Naogopa, sikudanganyi. Lakini naenda. Uje unishike mkono.

Na kama niko na hiyo saratani ya damu, natibiwa tena. Keval abaki akiuza vitambaa.