Macho Nilichora Mimi

Baba Neema,

Nimekukumbuka, hilo halina ubishi, hasa saa ya chai. Lakini sikuandikii kwa sababu hiyo. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na kila nikija kaburini kwako Kinyangiri namkuta dada yako ameshatangulia. Mbele yake siwezi kukugombeza. Ataniambia marehemu hasemwi vibaya. Basi nakusema kwa barua.

Miezi minne imepita tangu uanguke kule Iguguno, bomba la watu likiwa bado mkononi. Neema amerudi shule. Bomba la jikoni linavuja, nyumba ya fundi bomba, na majirani wa hapa Nduguti wanaona ni kichekesho. Msibani kila aliyesimama alisema ulikuwa mtu mpole, hukuwahi kumuumiza mtu. Nilikuwa mkekani, mguu wa kushoto nimeunyoosha kwa sababu haukunjiki, nikanyamaza. Unajua mguu huo ulivyovunjika. Ulichimba mtaro mbele ya mlango wetu, ukaenda kuangalia mpira, hukuuwekea hata ubao, nikatumbukia. Nami watu wakiniuliza nilisema niliteleza. Miaka yote hiyo nilisema niliteleza.

Sasa tuje kwenye vile visanamu vyako. Sijui mume gani mwingine Mkalama nzima akitoka kazini anakaa kufinyanga mazimwi. Mchezo wenyewe, vita vya mezani vya kutupa dadu, uliuona kwenye simu, ukazinakili sheria zake kwenye daftari kubwa, ukaongeza na za kwako. Gundi ya kuzibia mabomba, ile inayokandwa mpaka ikakauka kama jiwe, ikawa nyama ya mashujaa na wachawi wasiozidi pingili ya kidole. Uliwachonga kwa sindano zangu za cherehani bila kuniomba. Meza ya chakula ikawa nchi yao. Miamba uliikata kwenye yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na friji, ukaipaka kijivu, ikafanana kabisa na mawe ya kule Singida mjini. Ardhi ulitandaza mashudu ya alizeti juu ya gundi. Siku uliyosahau mlango wazi kuku wakala nchi karibu nzima, kuanzia milimani mpaka mtoni. Ulikaa chini ukanitazama, tukacheka mpaka Neema akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Kwa hiyo usidhani nilikichukia kile kitu. Hapana. Nilikuwa ndani yake kuliko nilivyojua.

Macho yako yalipoanza kukataa vitu vya karibu, na miwani hukutaka, ulinijia na kijiti cha kuchokolea meno. "Mama Neema, wewe una mkono usiotetemeka." Ukanifundisha: weupe kwanza, weusi baadaye, na usipumue. Kila kisanamu uliniletea kimesimama juu ya kizibo cha soda, kimefungwa kitambaa mpaka shingoni. "Nguo bado mbichi, usifungue, we chora macho tu." Nikachora. Jeshi zima lilipata kuona kwa mkono wangu, na nilijisikia vizuri, kwa sababu ni kazi pekee uliyowahi kuniambia kwamba nakushinda.

Kila Jumamosi mchana walikuja Elia wa pikipiki na Mwalimu Juma kucheza. Mlicheka sana. Nikileta chai mnanyamaza, na wewe unafunika kitu kiganjani. Nilidhani mnaniheshimu. Kumbe mguu wangu ukiburuzika kwenye sakafu uliwapa taarifa mapema.

Wiki moja baada ya kugawa nguo zako, Elia alikuja, kofia mkononi. Alisema ulimwahidi jeshi. Nikamwambia sawa, mwaga mkekani tulitazame. Alikuwa anavipanga taratibu, mara akaokota kimoja akacheka kabla hajajizuia, akafunga ngumi.

"Nipe, Elia."

"Shemeji, hiki kimevunjika."

"Nipe."

Nilikuwa mimi. Mchawi mwenye mgongo uliopinda, mdomo wazi, mguu wa kushoto umenyooka kama mti wa fagio. Kile kitenge cha njano chenye madoa mekundu ulichoninunulia alipozaliwa Neema, doa kwa doa. Na macho mazuri, Baba Neema, macho ya kazi safi. Nilimuuliza Elia mchawi huyo anaitwaje. Aliangalia kuku uani, akasema, "Mama Neema."

Daftari nilisoma mwenyewe. Mwandiko wako ulikuwa mzuri siku zote. "Mama Neema: mwendo ni nusu ya wengine, mguu mbovu. Akifungua mdomo, kila mwanaume aliye ndani ya shubiri moja anapoteza zamu yake." Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilikuwa ndani ya kitambaa nilichokatazwa kufungua.

Elia alijaribu kunifariji. Alisema, "Lakini shemeji, huyu hajawahi kufa hata siku moja. Dadu ikimwangukia vibaya mzee alikuwa anakataa, anasema itupwe tena. Tuligombana sana kwa ajili yake." Neno hilo limenisumbua kuliko lile jina. Kuna asubuhi nakaa kwenye cherehani nalifikiria mpaka uzi unanikatikia, nalia. Halafu nakumbuka kile kicheko kikikatika nilipofika mlangoni. Mtu anaweza kukataa usife na bado akakucheka. Ulinipenda au ulinidharau, nataka kujua hilo tu, na wewe ndiye wa kuniambia, na hupo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Elia nilimwambia arudi Jumamosi. Wiki ile nilichukua rangi ya kijivu uliyopakia miamba, nikawafuta macho wote. Mashujaa, mazimwi, wapiga mishale, hata farasi. Mmoja mmoja, juu ya kizibo cha soda, bila kupumua. Jumamosi nikampa boksi pamoja na chai. Alifungua akamwinua mmoja. "Shemeji, hawana macho." Nikamwambia macho yalikuwa yangu. Aliondoka chai hakuigusa, na tangu hapo Mwalimu Juma akiniona barabarani anahamia upande wa pili.

Niliona raha. Nakwambia kweli kwa sababu huwezi kuisambaza: tangu ufe sikuwa nimeona raha kama ile. Kesho yake niliona aibu, lakini si sana.

Yule mchawi sikumpa. Yuko hapa juu ya cherehani, anaona.

Na wewe pia upo. Kwenye mkoba wako wa kazi ilibaki gundi kidogo, nikaikanda, nikakufinyanga. Sina ufundi wako, pua imetoka kubwa, ingawa hata yako ya kweli haikuwa ndogo. Nimekuvika lile shati la bluu la kazini na bomba begani. Nimekusimamisha kwenye kipande cha nchi yako ambacho kuku hawakukifikia, na mbele ya miguu yako nimechimba mtaro kwa kisu. Ubao sijaweka.

Macho pia sijakuchorea. Siku nitakayokusamehe nitakuchorea, weupe kwanza, weusi baadaye. Hilo nakuahidi, na mkono wangu bado hautetemeki. Sijui ni lini. Lala salama, mume wangu, na mpaka siku hiyo simama hapo hapo, usipige hatua.

Mkeo,
Mama Neema